Diski Moja, Wenyewe Wanne

Chukua kompyuta moja ya mezani ya mtumba, yenye diski ya kuzunguka ya gigabaiti 500 na RAM ya gigabaiti nane. Ipeleke Kisenge, magharibi mwa mkoa wa Lualaba, mji uliozaliwa na manganizi, ambako kwenda Kolwezi ni safari ya kupangiwa siku. Sema imenunuliwa kwa mchango wa watu wanne: fundi wa simu, mwalimu wa sekondari, mama mwenye kibanda cha kuchapa barua na kutoa kopi, na binti anayesoma jiolojia Kolwezi, ambaye likizo hurudi nyumbani na ramani zake. Wamekubaliana jambo moja, kwamba itawekwa mifumo endeshi zaidi ya mmoja. Wanachogombania ni namna ya kuikata diski.

Kwa nini zaidi ya mmoja? Programu za kuchora migodi, Surpac kwa mfano, zinataka Windows, na binti hana la kufanya. Lakini Microsoft iliacha kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0 ambayo mashine za umri huu hazina. Kwa hiyo Windows 10 inabaki kwa kazi zisizo na mbadala, tena mbali na intaneti ikiwezekana. Barua pepe, flashi za wateja na kila kinachotoka nje vinahamia Linux. QGIS ya ramani inakwenda kote kote.

Sauti zinazofuata si za watu fulani. Ni hoja anazokutana nazo kila anayekata diski, nami nimezigawia wenyewe. Mimi ni mwenyekiti wa kikao, na mwenyekiti huyu ana upande.

MWALIMU: Naona tunajitafutia makuu. Weka Windows, weka Linux, basi. Patisheni mbili. Kila mtu afungue folda yake, aandike jina.

FUNDI: Samahani, mwalimu. Windows ikigoma kuwaka, dawa tunayoikimbilia ni kufomati C. Barua za mama zikiwa humo, zimekwenda. Mimi nataka kila mtu awe na patisheni yake. Halafu mifumo iwe mitatu: Windows 10, Linux, na Windows 7 kwa ajili ya draiva za zamani ninazotumia kuflashi simu.

MAMA: Nne zetu, tatu za mifumo, hizo saba. Na wewe fundi ndiye utakayepima nani apate ngapi?

BINTI: Tena zitajaa kwa zamu, yaya. Yangu itafurika picha za satelaiti huku ya mwalimu ina gigabaiti sitini tupu nisizoweza kuzigusa.

FUNDI: Tutasogeza mipaka, mdogo wangu.

BINTI: Utaisogeza kwa umeme upi?

Hapo binti amegusa pabaya. Patisheni hukua kirahisi kuelekea nafasi tupu iliyo mara baada yake. Ukitaka kuusogeza mwanzo wake, kila faili lazima lihamishwe, na kwenye diski ya kuzunguka kazi hiyo inaweza kula saa nyingi. Delestaji, yaani mgawo wa umeme, ikiingia katikati, au jenereta ikiishiwa mafuta, unabaki na patisheni ambayo nusu yake iko kwa zamani na nusu kwa sasa. Mtu wa mjini mwenye betri ya akiba anaweza kuchora mipaka kwa majaribio. Kisenge panga kana kwamba mstari hautasogezwa.

Zamani hizo saba zisingewezekana bila hila. Jedwali la MBR, lililokuja na PC DOS 2.0 mwaka 1983, lina nafasi za patisheni kuu nne tu. Aliyetaka zaidi aligeuza moja kuwa pochi ya kubebea nyingine ndani. Jedwali la GPT linatoa nafasi 128 kwa kawaida, na linaweka nakala yake ya pili mwishoni mwa diski, jambo ambalo kwangu ni zuri kuliko hizo 128. Kwa hiyo leo teknolojia haimkatalii fundi. Ninayemkatalia ni mimi, na mwalimu pia simwachi.

Wote wawili wanakata kwa kuuliza *nani* au *mfumo gani*. Mimi nakata kwa kuuliza swali lingine: kikipotea hiki, kukipata tena kunagharimu nini?

BINTI: Hilo limeandikwa katika kila mwongozo niliousoma. Mfumo ni kitu cha kutupa, utausakinisha tena jioni moja. Kazi yako ndiyo isiyorudi. Tenga viwili hivyo, umemaliza.

MWALIMU: Aliyeandika mwongozo huo anaishi wapi?

BINTI: Sijui. Ulaya, pengine.

MWALIMU: Basi mfumo wake ni wa kutupa. Wa kwetu je?

Swali la mwalimu ndilo kiini cha kikao hiki. Faili la kusakinishia Windows 10 linazidi gigabaiti tano; la Ubuntu 24.04 linakaribia sita. Mahali ambapo watu hununua mega kwa simu, kipimo kwa kipimo, na mtandao wenyewe una siku zake, gigabaiti sita si jioni moja. Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, ililitambua tatizo hili mapema: kuanzia 2005 ilituma CD bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba, popote duniani. Mwaka 2011 mpango huo ukafungwa, kwa hoja kwamba watu sasa wanapakua wenyewe.

MAMA: Lakini siku hizi kuna Starlink. Serikali imewapa leseni.

FUNDI: Leseni ni ya 2025, mama, kweli. Lakini kisahani hakikuja na leseni. Na hata kama jirani anacho, siku mashine imekufa na wateja wamepanga foleni mlangoni kwako, hiyo ndiyo siku ya kwenda kuomba gigabaiti sita?

Kwa hiyo mgawanyo wa kwetu unakuwa wa matabaka matatu. La kwanza ni mifumo, inayoweza kufa. La pili ni kazi za watu, zisizorudi. La tatu, ambalo sijaliona likitajwa katika miongozo, ni ghala: faili za kusakinishia Windows na Linux, draiva za mashine hii hii, za printa ya mama na za kadi ya mtandao, programu za ramani, na kwa ajili ya mwalimu, Wikipedia ya Kifaransa inayosomeka bila intaneti kwa programu ya Kiwix. Hakuna aliyeviandika kwa mkono wake, lakini kuvipata tena ni ghali kuliko barua nyingi za mama.

MAMA: Barua zangu hazijakukosea kitu, mwenyekiti.

Ghala lina faida nyingine ambayo fundi ataipenda. GRUB, programu inayoonyesha menyu ya mifumo mashine inapowaka, inaweza kuwasha Linux moja kwa moja kutoka kwenye faili lake la kusakinishia, yaani ISO, lililolala ndani ya patisheni, bila CD wala flashi. Linux ya kawaida ikiharibika, unachagua ya ghalani, unaingia, unaokoa. Windows haina njia rahisi ya namna hiyo. Faili lake bado litahitaji flashi. Lakini Linux ya ghalani inaweza kuiandaa flashi hiyo.

Sasa kazi za watu. Binti anataka zikae kwenye ext4, mfumo wa faili wa Linux, uliotangazwa kuwa imara mwaka 2008. Mama anataka azione akiwa Windows, na Windows haiifungui ext4 bila msaada. Fundi analeta suluhu anayoijua kwenye kadi za simu.

FUNDI: exFAT. Inasomwa na kila kitu.

BINTI: Na umeme ukikatika faili likiwa linaandikwa?

FUNDI: Tutaomba Mungu.

BINTI: exFAT haina daftari la safari, yaya. NTFS ya Windows inalo, ext4 inalo. Linaandika kwanza linachotaka kubadili, ndipo libadili. Umeme ukirudi mfumo unasoma daftari na kujipanga. exFAT ni ya flashi.

Namuunga mkono binti bila kusita: NTFS kwa patisheni ya pamoja. Tangu toleo la 5.15 la mwaka 2021, kiini cha Linux kina draiva yake ya kuisoma na kuiandika NTFS. Lakini kuna mtego. Windows 10, ukibofya kuzima, kwa kawaida haizimi sawasawa. Inahifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski ili kesho iwake haraka, na patisheni zake inaziacha kana kwamba bado zinatumika. Linux ikizikuta hivyo hukataa kuziandika, au huzifungua kwa kusoma tu. Anayelazimisha kuandika anaweza kuharibu kazi ya watu wote wanne kwa usiku mmoja. Nenda kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, ondoa uwashaji wa haraka, na siku ya kwanza mwambie kila mwenye mashine kwa nini umefanya hivyo.

Binti anabaki na dai dogo la haki. Kwenye Linux, *Ramani* na *ramani* ni faili mbili; Windows huziona moja. Linux inakubali jina lenye nukta mbili, kama saa 12:30 kwenye daftari la uwandani, Windows hailikubali. Skripti zake na ruhusa za faili zake hazikai vizuri NTFS. Basi hizo zikae upande wa Linux, na matokeo yakikamilika yaje kwenye patisheni ya pamoja. Hatuhitaji kumkatia patisheni ya *home*, yaani ya faili zake za Linux peke yake, kwa hilo. Linux iwe na gigabaiti 40 za kwake, inatosha.

Na saa, kabla sijasahau, maana itawagombanisha. Windows huamini kwamba saa iliyo ndani ya mashine ni ya mahali ulipo. Linux hupenda iwe saa ya dunia, ambayo Lualaba imeitangulia kwa saa mbili. Mtu akitoka Linux na kuingia Windows, risiti ya mama ya saa sita mchana itaandikwa saa nne. Linux iamriwe kufuata saa ya mahali, yaishe.

MAMA: Kabla hamjagawa, mimi nauliza. Tuliambiwa gigabaiti 500. Hii inaonyesha 465. Nani kala hizo nyingine?

BINTI: Hakuna aliyekula, mama. Kiwandani wanahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Baiti ni zile zile bilioni 500.

MAMA: Mimi nikihesabu karatasi hivyo, wateja watanipiga.

Tugawe hizo 465. Mwanzoni kabisa inakaa patisheni ndogo ya EFI, yenye programu za kuwashia mifumo yote. Windows ikiachwa ijikatie yenyewe huitengea megabaiti 100, ambazo zikishirikiwa huja kubana. Itangulie Linux ya kwenye flashi iikate 512, ndipo Windows isakinishwe na kuikuta tayari. Windows yenyewe itaongeza kipande cha megabaiti 16 isichoeleza sana ni cha nini; kiache. Windows 10 na Surpac yake, 120. Patisheni ya uokoaji ya Windows, gigabaiti moja nzima, na hapa usifanye uchoyo: Januari 2024 sasisho moja la Microsoft liligoma kwenye kompyuta nyingi za Windows 10 kwa sababu patisheni hiyo ilikuwa ndogo, na wenyewe wakaambiwa waipanue kwa amri za kuandika kwa mkono. Linux 40, kisha nane za swap, nafasi ya kumwagia yaliyomo kwenye RAM, sawa na RAM yenyewe, ili binti aweze kuilaza mashine bila kupoteza alichofungua. Kazi za watu, 200. Ghala, 50.

Zinabaki kama 45. Hizo hazipewi mtu. Zinakaa tupu mara baada ya patisheni ya kazi, na ghala linasukumwa hadi mwisho wa diski. Kazi zikijaa, patisheni yao inapanuka kwenda kulia bila faili hata moja kuhamishwa. Ghala kukaa mwisho ni sawa pia kwa sababu nyingine: kwenye diski ya kuzunguka, mwanzo uko ukingo wa nje, ambako kusoma ni kwa kasi zaidi kuliko ndani. Mifumo inahitaji kasi hiyo. Faili la ISO linaloguswa mara chache kwa mwaka halihitaji.

MAMA: Na siri? Mimi nachapa hati za viwanja. Nachapa barua ambazo mume hataki mke azione.

FUNDI: Folda yako tutaiwekea neno la siri kwenye Windows.

BINTI: Na mimi nikiingia kwa Linux nitaisoma yote, mama, bila hata kukusudia. Ruhusa za Windows huheshimiwa na Windows.

Hili watu wengi hulikosea: wanadhani mstari wa patisheni ni ukuta. Anayewasha mfumo mwingine haulizwi kitu. Mama atengenezewe faili lililosimbwa kwa VeraCrypt, linalofunguka kwa neno lake la siri pande zote mbili, lenye ukubwa wa gigabaiti chache. Hati zake ni maandishi, hazijazi. Neno la siri akilisahau, hakuna fundi atakayemsaidia, na aambiwe hivyo mapema.

MWALIMU: Nimesikiliza. Mmekata vizuri. Lakini nyote mnazungumza kana kwamba ghala na kazi ni vitu viwili. Ni diski moja. Ikianguka chini, vyote vimeanguka. Sisi hapa tunajua habari ya njia moja. Manganizi ya Kisenge yalishuka kwa reli ya Benguela hadi bandari ya Lobito. Mwaka 1975 vita vya Angola vikaifunga. Mgodi ulikuwa na mawe, ulikuwa na watu. Njia ndiyo haikuwepo. Upande wa Angola imezinduliwa tena 2015. Hesabuni miaka hiyo.

BINTI: Arobaini, mwalimu.

Sina la kuongeza kwenye reli, ila kwenye diski ninalo. Patisheni haikingi kitu dhidi ya kifo cha diski nzima. Inunuliwe diski ya nje, hata ndogo: kazi za watu zinakiliwe kila wiki, ghala mara moja tu na kila linapobadilika. Binti akirudi Kolwezi abebe nakala ya pili ya kazi. Na ramani ya patisheni yenyewe, yaani kila moja inaanzia sekta ya ngapi na kuishia ya ngapi, itolewe kwa amri moja ya Linux, mama aichape, ibandikwe ndani ya kifuniko cha kompyuta. Jedwali likifutika huku faili bado zipo, karatasi hiyo inatosha kulirudisha. Ikikosekana, kuna TestDisk, programu ya bure inayopekua diski kutafuta mipaka iliyopotea. TestDisk nayo, bila shaka, mahali pake ni ghalani, na nakala yake kwenye diski ya nje.

FUNDI: Mmemaliza? Windows 7 yangu iko wapi?

MWALIMU: Si zile 45 tupu zipo?

Hapana. Tukizijaza, patisheni ya kazi haina tena pa kukulia, na tumerudi kwenye kusogeza mipaka usiku. Pia Windows ya zamani ikisakinishwa baada ya mpya huja na programu yake ya kuwashia ya zamani, na Windows 10 inaweza kukosa kuwaka hadi irekebishwe. Utaratibu unaojulikana ni ya zamani kwanza, mpya baadaye, Linux mwisho. Zaidi ya hayo, Microsoft iliachana na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Sitaki iguse patisheni ya kazi za watu.

BINTI: Iwekwe kwenye VirtualBox, kompyuta ya kuigiza ndani ya Linux, yaya. RAM gigabaiti mbili kati ya nane, inatosha kwa Windows 7.

FUNDI: Mdogo wangu, wewe huflashi simu. Simu ikianza kuandikwa, inajikata USB na kujiunga tena katikati ya kazi. VirtualBox ikichelewa kuishika sekunde chache, simu ya mtu imekuwa jiwe. Nani atamlipa?

Hoja yake ni nzuri, na haijibiwi na patisheni yoyote. Hapa mwenyekiti anatoa ushauri wa kizamani: diski ya pili. Karibu kila meza ya fundi ina diski ya gigabaiti 80 iliyotoka kwenye mashine iliyokufa. Ifungwe ndani kwa kebo yake ya SATA, Windows 7 iwekwe humo peke yake kwa njia ya zamani ya BIOS, huku diski kubwa imechomolewa wakati wa kusakinisha. Siku ya kuflashi, fundi anachomoa kubwa, anachomeka ndogo. Kila diski ina programu yake ya kuwashia, hakuna inayomkanyaga mwenzake.

FUNDI: Diski ya 80 ninayo. Kebo ya SATA nani ananunua?

MAMA: Simu ni za nani?